Safari ya Sauti toka Studio hadi Mnara

Kati ya kinywa cha msomaji wa habari na mnara urushao maneno yake hewani mna safari ambayo wasikilizaji wachache huikumbuka. Studio hujengwa mjini, penye watu, afisi na barabara. Mnara husimamishwa juu ya mlima au mahali palipo wazi, ili mawimbi yake yasizuiliwe na majengo wala mabonde. Hapa Kenya vituo kadhaa vyenye studio jijini Nairobi vina mitambo yao Limuru, na huko pwani mitambo ya kurushia matangazo imewekwa Mazeras, juu ya vilima vilivyo nyuma ya Mombasa. Kwa hiyo sauti haina budi kusafiri kabla haijarushwa. Ikikatika njiani, mnara hubaki umesimama, taa zake zikiwaka na mitambo yake ikinguruma, wala hauna neno la kusema. Na watu waliokuwa wakingoja bei za mazao, matangazo ya vifo au onyo la mafuriko huambulia kimya.

Vitabu husimulia sana habari za minara na za mabingwa waliovumbua matumizi ya mawimbi. Habari za ile njia ya katikati, iendayo toka studio hadi mnarani, au toka uwanja wa mpira hadi studio, husimuliwa kwa nadra. Nami naona si haki, kwa kuwa ndiyo iliyowasumbua mafundi wa redio kwa miaka 100. Imebadilika mara nyingi, na kila ilipobadilika watu walipata kitu na kulipa kitu. Leo, katika nchi nyingi, njia hiyo hupita ndani ya intaneti ile ile ipitishayo barua, picha na michezo ya watoto. Urahisi wake ni mkubwa mno. Malipo yake ni muda, na jinsi muda ulivyogeuka kuwa sarafu ya mafundi wa redio ndiyo habari nitakayoieleza.

Redio ilipozaliwa haikuwa na njia yake yenyewe. Ikaazima ya simu. Tarehe 8 Januari 1923 BBC ya Uingereza, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miezi miwili tangu ianze kutangaza, ilitega vipaza sauti katika jumba la Covent Garden mjini London, ambamo waimbaji walikuwa wakicheza opera ya Mozart iitwayo The Magic Flute. Sauti zao zikapelekwa kwa waya wa simu hadi Marconi House, palipokuwa na mtambo wa kurushia, na watu waliokaa majumbani mwao wakasikia jumba zima likiimba. Umbali wenyewe ulikuwa wa kutembea kwa dakika chache tu, lakini mlango ulikwisha funguliwa. Mwaka ule ule stesheni za BBC zilizokuwa katika miji mbalimbali ziliunganishwa kwa nyaya ndefu za simu, hata hotuba iliyotolewa London ikaweza kusikika kwa wakati mmoja Manchester na Glasgow.

Walakini waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, si kwa ajili ya muziki. Sikio la kijana mwenye afya husikia tangu mitetemo 20 kwa sekunde hadi karibu 20,000. Simu ya kawaida hupitisha mitetemo ya 300 hadi 3,400 tu. Hiyo yatosha kumtambua shangazi yako na kufahamu asemalo, lakini ngoma hupoteza mshindo wake na zumari hupoteza makali yake. Tena waya mrefu una upendeleo mbaya: sauti nyembamba huzidi kufifia kadiri ziendavyo mbele, ilhali nzito hustahimili. Mafundi wakatunga vyombo vya kuwekwa mwishoni mwa waya ili vipandishe kilichofifia na kushusha kilichozidi, mpaka muziki ukarudia umbo lake. Shirika la Posta, lililomiliki karibu simu zote za Uingereza, likawakodisha watangazaji nyaya teule zilizotunzwa kwa kazi hiyo. Kodi yake haikuwa ndogo, na kituo kisichokuwa na fedha hakikuweza kuwa na waya mrefu.

Pamoja na upungufu huo wote, waya ulikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeithamini, kwa sababu hakuna aliyewahi kuikosa. Kilichoingia upande huu kilitokea upande wa pili papo hapo, kwa utaratibu ule ule kilioingia nao, na hapana mgeni aliyeweza kujipenyeza katikati. Sifa hiyo ndiyo iliyowezesha jambo lililoanza tarehe 5 Februari 1924. Siku hiyo milio sita mifupi ya saa kutoka chumba cha wanajimu cha Greenwich ilianza kupelekwa kwa waya hadi BBC na kurushwa hewani, ili nahodha wa meli, mkuu wa stesheni ya gari la moshi na mtu yeyote mwenye saa ya ukutani aweze kuisahihisha saa yake. Waya ulichelewesha milio hiyo kwa kiasi ambacho hakuna sikio liwezalo kukitambua. Namwomba msomaji aikumbuke milio hiyo sita, maana tutaihitaji tena.

Nairobi ilianza kuwa na matangazo ya redio mwaka 1928. Hapakuwa na waya wa muziki uliotoka London ukafika huku, wala usingeweza kuwapo. Kilichofika ni mawimbi mafupi. Tarehe 19 Desemba 1932 BBC ilianzisha idhaa yake ya kutangazia nchi za mbali kutoka Daventry, na siku ya Krismasi ya mwaka huo mfalme George wa Tano akahutubu kutoka nyumbani kwake Sandringham. Tazama jinsi sauti yake ilivyosafiri: kwa waya hadi London, kwa waya tena hadi Daventry, ndipo ikaruka hewani. Huku kwetu kituo kiliweza kuyanasa mawimbi hayo na kuyarusha upya, pamoja na mikwaruzo na mavumi yote yaliyookotwa njiani. Waliosikia walikuwa wachache, na wengi wao walowezi, kwa kuwa redio ilikuwa ghali kuliko uwezo wa mtu wa kawaida.

Mwaka 1970 kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa kiliiunganisha Kenya na dunia kwa setilaiti. Sauti ikaja safi. Lakini setilaiti ya namna ile hukaa angani umbali wa kilomita 35,786, na mawimbi hupanda yote hayo na kushuka yote hayo. Ijapokuwa hayana mfano kwa mbio, safari hiyo huyachukua takriban robo ya sekunde. Aliyehojiwa toka ng'ambo alionekana kukaa kimya kitambo kila alipoulizwa, hata wasikilizaji wakadhani anatafuta uongo wa kusema, na kumbe swali lilikuwa bado njiani. Ucheleweshaji huo ulikuwa wa namna moja tu, haukuongezeka wala kupungua. Fundi aliweza kuuzoea.

Sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo, mpaka Paris mwaka 1937. Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko, Alec Reeves, alikuwa akisumbuliwa na mavumi ya simu za masafa marefu. Kila chombo kilichokuza sauti njiani kilikuza na mavumi yake pia. Reeves akafikiri hivi: kwa nini tupeleke wimbi lenyewe? Na tupime kimo cha wimbi mara elfu nyingi kwa kila sekunde, kila kipimo tukiandike kwa tarakimu, kisha tupeleke tarakimu. Barua ikinakiliwa kwa kivuli cha kivuli chake mara kumi, haisomeki. Lakini saba iliyoandikwa kwa wino hafifu bado ni saba, na atakayeiandika upya ataiandika saba kamili. Wazo lilikuwa kubwa kuliko vyombo vya zama zake, likalala miaka mingi likingoja transista.

BBC ililitumia wazo hilo kwa ukubwa kuanzia mwaka 1972, ilipoanza kupeleka sauti kwa minara yake kwa tarakimu. Njia moja ilibeba sauti 13 kwa pamoja, kila moja ikipimwa mara 32,000 kwa sekunde. Tangu hapo mnara wa mbali uliweza kupata sauti iliyo safi sawasawa na ule ulio jirani na studio. Kisha simu yenyewe ikageuka kuwa ya tarakimu. Katika miaka ya 1980 na 1990 mashirika ya simu ya Ulaya, Marekani na Japani yalieneza huduma iliyoitwa ISDN, iliyompa mteja njia mbili, kila moja ya biti 64,000 kwa sekunde. Mwanafunzi apendaye hesabu na alinganishe: sauti ya sahani ya CD huhitaji biti 1,411,200 kwa sekunde, na njia zote mbili za ISDN zikijumlishwa hupitisha 128,000, yaani sehemu moja tu katika 11. Mabingwa wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, pamoja na wengine, walikwisha gundua kwamba sikio lenyewe hudanganyika kwa urahisi: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, na kilichofunikwa kikitupwa hakuna atakayekitafuta. Kutokana na utafiti huo zilitoka kanuni za MPEG zilizochapishwa mwaka 1993, ambazo mojawapo vijana huijua kwa jina la MP3. Chombo kifanyacho kazi hiyo ya kubana sauti upande mmoja na kuikunjua upande wa pili huitwa kodeki.

Kwa kodeki na ISDN ripota alikwenda kanisani, uwanjani au bungeni na kisanduku kimoja, akapiga namba ya studio, na njia ikawa yake peke yake mpaka alipokata. Mafundi waliozeekea kazini huitaja ISDN kama mtu atajavyo ng'ombe wake mzuri aliyekufa. Kwa hakika imekufa, au yu mahututi, katika nchi nyingi: mashirika ya simu yameamua kuwa hayawezi kutunza mitandao miwili, yakauchagua mmoja. Uingereza ilipanga kuzima simu za namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2025, kisha ikasogeza hadi Januari 2027. Mtandao uliochaguliwa ni ule wa intaneti, na tabia yake ni kinyume cha kila kitu ambacho waya ulikuwa.

Katika intaneti hapana njia ya mtu. Habari yoyote hukatwakatwa kuwa vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti ikaandikwa anwani yake na kuachiliwa iende. Njiani mna mashine zisomazo anwani na kuisukuma pakiti mbele kwenda kwa mashine nyingine. Penye msongamano pakiti hupanga foleni. Foleni ikijaa, zinazozidi hutupwa. Wazo hili walilifikia kila mmoja kwa njia yake, katika miaka ya 1960, Paul Baran huko Marekani na Donald Davies huko Uingereza. Kwa barua ni wazo zuri sana, kwani barua ikipotea hutumwa nyingine.

Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha kanuni ambazo juu yake intaneti ilikuja kujengwa. Kanuni hizo zilitoa ahadi tukufu: kila pakiti itafika, na zote zitatolewa kwa utaratibu wake, moja ikikosekana, zilizo nyuma yake zitangoja mpaka ile iliyopotea itumwe tena. Mwaka huo huo watafiti wa California na Massachusetts, miongoni mwao Danny Cohen, walikuwa wakijaribu kuzungumza kwa sauti kupitia mtandao wa ARPANET, na walipoitazama ahadi ile wakaona kwamba kwao ni dhara tupu. Mahindi makavu yakichelewa sokoni siku mbili huuzwa vile vile. Samaki mbichi akichelewa siku mbili ni wa kutupwa, na mwenye kuizuia mikokoteni yote barabarani ili amngoje samaki huyo ameiharibu na shehena iliyo nzima. Sauti ni samaki. Silabi iliyochelewa nusu sekunde haina tena mahali pa kukaa katika neno. Afadhali isije kabisa, zilizobaki zipite.

Hoja hiyo ilishinda. Mwaka 1978 kanuni zile zilitenganishwa sehemu mbili, kazi ya kubeba ikawa mbali na kazi ya kuahidi, na Agosti 1980 Jon Postel akaandika kanuni nyingine, UDP, ambayo maandishi yake yote ni kurasa tatu. Kanuni hiyo haiahidi kitu. Haisemi kama pakiti itafika, wala lini, wala ya ngapi. Januari 1996 ikaongezewa juu yake kanuni iitwayo RTP, ambayo huipa kila pakiti ya sauti namba yake na alama ya wakati ilipotoka, ili mpokeaji ajue ipi imetangulia na ipi imepotea. Vyombo vingi vya redio vya siku hizi vipelekavyo sauti kwa intaneti vimesimama juu ya kanuni hizo mbili maskini. Mimi nazipenda kwa unyofu wao: zinakiri tangu mwanzo kuwa njia si ya kuaminika, zikamwachia mpokeaji kazi ya kutengeneza.

Na kazi yenyewe si ndogo. Tuichukue sauti itokayo Nairobi kwenda Mombasa. Kodeki ya Nairobi hukusanya sauti ya sehemu 20 za elfu za sekunde, huibana, huiweka katika pakiti na kuituma. Hivyo hutuma pakiti 50 kila sekunde. Nuru hupita ndani ya uzi wa kioo kwa mwendo wa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na umbali wa kilomita 480 huumaliza kwa muda usiofika sehemu 3 za elfu za sekunde. Umbali basi si kitu. Adui ni foleni. Pakiti moja hufika baada ya sehemu 8 za elfu, inayofuata baada ya 9, ya tatu ikakuta mtaa mzima unatazama mpira kwa simu, ikafika baada ya 60. Zikipigwa kadiri zifikavyo, msomaji wa habari atasikika kama mwenye kigugumizi.

Dawa yake yafanana na ya nyumba zetu nyingi za mijini. Maji ya bomba la mtaa huja kwa kusitasita. Mwenye nyumba huweka tangi juu ya paa, maji yakaingia yatakavyo na kutoka jikoni kwa mkondo mmoja. Kodeki ya upande wa kupokea nayo ina tangi la pakiti, ambalo mafundi huliita bafa. Pakiti huingia humo kwa fujo, hupangwa kwa namba zake, na sauti hutoka kwa utulivu. Lakini tangi lazima lijae kiasi kabla ya bomba kufunguliwa, na kujaa huko ndiko kungoja. Bafa ikiwa kubwa, sauti ni salama lakini imechelewa. Ikiwa ndogo, ni ya haraka lakini hukatika. Fundi hukaa katikati ya hofu hizo mbili, na hakuna kipimo kimoja kifaacho mahali pote. Vyombo bora hupima hali ya barabara wakati wote na kupanua au kupunguza bafa vyenyewe, vikinyoosha au kufupisha sauti kidogo sana hata msikilizaji asihisi.

Lipo na tatizo la saa, ambalo wengi hawalitarajii. ISDN ilikuwa na pigo moja la saa lililotolewa na shirika la simu, na vyombo vya pande zote mbili vililifuata. Katika intaneti kila chombo kina saa yake ndani, na hakuna saa mbili zilizo sawa. Chukua tofauti ya sehemu 20 katika milioni moja; ni ndogo mno, wala si aibu kwa chombo cha kawaida. Kwa siku moja yenye sekunde 86,400 tofauti hiyo hufika sekunde 1 na sehemu 7 za kumi. Mtumaji akiwa ndiye mwenye haraka, tangi la mpokeaji hufurika. Akiwa mpokeaji ndiye mwenye haraka, tangi hukauka usiku wa manane, wakati fundi amelala. Hivyo chombo hupaswa kulichungulia tangi lake daima na kurekebisha saa yake kwa kulitazama. Mahali pengine pande zote mbili hufuata saa ya setilaiti za GPS.

Ubaya wa kuchelewa huonekana zaidi mtu anapojisikia mwenyewe. Mwaka 1950 Mmarekani Bernard Lee alieleza kwamba mtu akirudishiwa sauti yake masikioni ikiwa imechelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, ulimi humpotea, akaanza kuburura maneno na kurudia silabi. Ripota aliye uwanjani husikiliza studio kwa vifaa vya masikioni. Studio ikimrudishia matangazo yote kama yalivyo, atajisikia mwenyewe akifuata nyuma yake kama mzimu. Kwa hiyo fundi hutengeneza mchanganyiko maalumu wa kumpelekea: kila sauti imo isipokuwa yake. Kama wageni ni watano toka miji mitano, michanganyiko ni mitano, na hakuna uwili ulio sawa. Fundi wa zamani wa waya mfupi hakuhitaji taabu hiyo.

Kulikuwa pia na fitina ya biashara. Kila kiwanda kilitengeneza kodeki kwa lugha yake, na kodeki ya kiwanda kimoja haikuelewana na ya kingine. Kituo kilichonunua kwa huyu kilikuwa mateka wake. Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, wenye makao Geneva, ukatunga masharti ya pamoja. Februari 2008 viwanda 9 vikakutana Munich na vyombo vyao, vikaviunganisha kimoja kimoja, na vyombo ambavyo zamani havikusikilizana vikazungumza. Ndani ya majengo ya studio fitina ilikuwa ile ile: Livewire ilitoka mwaka 2003, Dante mwaka 2006, Ravenna mwaka 2010, kila moja ikipeleka sauti kwa nyaya za kompyuta kwa njia yake. Septemba 2013 chama cha wahandisi wa sauti, AES, kikachapisha kanuni ya AES67 ili zipate lugha ya kukutania. Hapo pakiti hubeba sehemu moja tu ya elfu ya sekunde, vipimo 48, kwani ndani ya jengo mtandao ni wa mwenyewe na foleni huweza kuzuiwa.

Afrika Mashariki tulichelewa kuingia katika mambo haya kwa sababu moja iliyo wazi. Hadi mwaka 2009 intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na nzito. Mwaka huo mkonga wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah katika nchi za Ghuba, na ule wa SEACOM ukaanza kazi mwezi wa Julai. Tangu hapo kituo kidogo cha mkoani kiliweza kufikiria jambo ambalo zamani lilikuwa la mashirika makubwa: kuwa na mnara mji mwingine bila kukodi waya wa muziki wala kujenga mnyororo wa minara ya kupokezana mawimbi juu ya vilima. Kodeki mbili na intaneti ya kawaida zatosha. Ripota hubeba chombo kisichozidi ukubwa wa kitabu, chenye kadi za simu za makampuni mawili au matatu, akatangaza mazishi au mbio za nyika kutoka mahali ambapo hapana hata nguzo ya umeme.

Hayo ni manufaa makubwa, wala sioni sababu ya kuyalilia machozi ya zamani. Lakini na tuipime hasara kwa haki. Simu ya waya wa shaba ilipata nguvu zake kutoka kituo cha simu, ikafanya kazi hata umeme wa mtaa ulipokatika. Kodeki na mashine zote za njiani huhitaji umeme zenyewe. Siku ya maafa, kila mtu anapoichukua simu yake kwa pamoja, barabara hujaa saa ile ile redio inapohitajika kuliko siku zote. Tena milio sita ya Greenwich, ambayo tangu mwaka 1990 BBC huitengeneza yenyewe, bado husikika; walakini aisikilizaye kwa redio ya tarakimu huipata imechelewa sekunde kadhaa, na aisikilizaye kwa intaneti huipata imechelewa zaidi. Sauti yake ni safi kuliko ile ya mwaka 1924. Kuirekebishia saa haiwezekani.

Mafundi wamejifunza kutoiamini njia moja. Vituo viwezavyo hutuma kila pakiti mara mbili, moja kwa mkonga wa kampuni hii, moja kwa mawimbi ya kampuni ile. Mpokeaji huchukua iliyotangulia na kuitupa pacha yake. Njia moja ikikatwa na jembe la mchimba mtaro, na jambo hili ni la kila siku, msikilizaji hahisi. Wengine huongeza pakiti za akiba zilizofanyiwa hesabu, ambazo kwazo pakiti iliyopotea yaweza kujengwa upya. Na huko mnarani, ndani ya kibanda kilichofungwa kufuli, huwekwa kisanduku kisikilizacho kimya. Kimya kikipita sekunde kadha zilizopangwa, kisanduku hujua kwamba njia zote zimekatika, kikaanza kupiga nyimbo zilizohifadhiwa katika kadi yake ndogo, moja baada ya nyingine. Msikilizaji wa kijijini husikia nyimbo tatu, nne, tano, zisizo na mtangazaji wala saa wala habari. Na huko mjini fundi amekwisha panda pikipiki.